Kistari

Miaka kumi na mmoja iliyopita, usiku wa baridi hapa Tartu,
niliandika neno moja vibaya.
Sikuwa nimelewa. Nilikuwa na usingizi tu, na mtoto mgonjwa chumba cha pili.
Amri zote za zana yetu huunganishwa kwa kistari cha katikati;
hii moja nikaiunganisha kwa kistari cha chini,
kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake
akatoka nacho.

Zana yenyewe ni ndogo. Unaipa faili zako, inauliza kipi kimebadilika,
inajenga upya kilichobadilika, kingine inakiacha kilale.
Watu kumi na wawili waliitumia, wote nikiwajua kwa majina.
Ningewapigia simu siku ile ile: samahani, futeni, andikeni hivi.
Nikasema kesho.

Leo Kaupo, mwenye miaka ishirini na mitatu,
anaweka kidole juu ya kioo, pale pale.
"Hili doa," asema. "Amri arobaini na sita zimenyooka,
moja imepinda. Kila mgeni hujikwaa hapa.
Mimi mwenyewe nilipoteza Jumanne nzima."
Ana hoja. Jumanne ya mtu si kitu kidogo.
Ameshaandika marekebisho: alama moja inatoka, alama moja inaingia.
Sijapata kuona badiliko jembamba hivyo
na zito hivyo.

Kwa maana nina barua ya Maimu, wa kiwanda cha mbao karibu na Võru.
Programu inayopima magogo yao iliandikwa na shemeji yake;
shemeji alizikwa mwaka juzi, mwezi wa nne.
Faili yake huniita kila alfajiri kwa lile neno lililopinda,
nami huitika.
Maimu hajui kusoma msimbo. Anajua taa ya kijani ikiwaka
malori yaondoke.
"Msiiguse, tafadhali," aliandika,
na chini yake akaongeza habari za theluji.

Basi tukafanya wafanyavyo waoga na wenye busara:
tukayapokea yote mawili. Neno nyoofu liwe la wote,
lililopinda lijibiwe bado, ila kwa onyo,
mstari mmoja, wa upole, wa njano.
Tukanywa kahawa. Kaupo alikula mkate wa iliki amenuna nusu.

Siku ya tatu, kazi zikasimama huko Riga.
Jamaa mmoja alikuwa akihesabu mistari ya majibu yetu.
Saba ni salama. Nane ni hatari.
Onyo letu lilikuwa la nane.

Kaupo alicheka mpaka akashika meza,
kisha hakucheka.
"Kumbe hata upole unavunja."
Nikamwambia: chochote ulichokionyesha mara mbili, kuna aliyekiegemea.
Hata kikohozi chako. Mazoea yana taabu,
na taabu yenyewe ina watoto wa kulisha.

Lakini sikutaka ashindwe. Nimeziona zana zilizokubali kila kitu:
milango juu ya milango, funguo zisizojulikana za wapi,
mgeni anauliza kwa nini, na jibu pekee ni mwaka.
Huo nao ni uvunjaji, wa polepole,
usiopigiwa simu na mtu.

Tukaliondoa onyo. Sasa faili inayotaja toleo lake mstari wa kwanza
hailijui kabisa lile neno la zamani;
isiyotaja kitu, kama ya shemeji,
tunaihesabu ya kale, tunaiitikia.
Si uzuri. Kaupo anakiita kiraka chenye adabu.

Usiku, mwanangu aliyekuwa mgonjwa, sasa ananipita urefu,
analala mlango wazi. Nami nakagua kazi ya siku.
Kaupo ameongeza jaribio dogo linalolinda kosa langu lisisahihishwe,
na juu yake, bila kuniuliza, ameandika:
*Usinyooshe hapa. Malori yanasubiri.*